Maili za Mwinjilisti Ndahiro

Jumatano moja ya mwezi wa sita, saa mbili kasorobo jioni, jua likiwa bado juu, lori lenye trela ya futi hamsini na tatu lilirudi nyuma polepole kwenye ghala moja la karatasi huko Tonawanda, likakiangusha kibanda cha mlinzi. Halikukigonga kwa kishindo. Lilikisukuma kwa adabu, kikainama, kikalala. Kwa mujibu wa mashine inayohesabu saa za dereva, ile iliyobandikwa kwenye dashibodi, aliyeshika usukani wakati huo ni Mwinjilisti Ndahiro. Kwa mujibu wa watu mia mbili na kumi na wanne waliokuwa wakimtazama kwenye simu zao dakika hiyo hiyo, Mwinjilisti Ndahiro alikuwa sebuleni kwake Buffalo, amevaa tai, akihubiri moja kwa moja juu ya uaminifu katika mambo madogo.

Aliyekuwa kwenye usukani kweli ni shemeji yake Azarias, mume wa dada yake, mkazi wa Reynoldsburg upande wa mashariki wa Columbus, baba wa binti mmoja na dereva wa miaka mitatu. Na msidhani Azarias ni mtu mbaya. Ni mtu wa kanisa, hanywi, hapigi mke, analipa pango kabla ya tarehe moja. Ila alikuwa amechoka kubishana na mashine.

Mashine yenyewe haina ubaya wa kuelezeka. Ukianza kazi, una saa kumi na nne, na ndani ya hizo unaruhusiwa kuendesha kumi na moja. Zikiisha, unalala saa kumi. Zamani madereva waliandika saa zao kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa na huruma. Mashine haina. Siku hiyo Azarias aliripoti Louisville saa kumi alfajiri, ghala likamweka saa sita na nusu akingoja kupakiwa, hakuna aliyemlipa kungoja wala kumwomba radhi, na mashine ikahesabu kila dakika aliyokaa akitazama ukuta. Alipofika karibu na Erie saa zake kumi na nne zilikuwa zimekwisha, na Buffalo ilikuwa mbele yake kama saa moja na nusu hivi.

Basi akafanya kama walivyofanya madereva wote wa Mzee Cyubahiro. Alibonyeza, akajiandika amelala, akamwandika Ndahiro ameamka. Cyubahiro, mwenye malori matatu na mzee wa kanisa pale Louisville, ndiye aliyegundua dawa hiyo: kila lori liwe na madereva wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa jina. Ndahiro alikuwa na leseni halali kabisa. Aliipata, akaingia barabara kuu mara moja, akarudi ametota jasho, akasema Mungu hakumwita huko. Tangu siku hiyo anaendesha Toyota yake kwenda kanisani kwa njia za vichochoroni. Lakini kwenye mashine alikuwa simba. Alikuwa ameendesha maili thelathini na moja elfu, na kulala kwenye kitanda cha nyuma cha lori usiku mia moja na tisini. Kampuni waliyoibebea mizigo ilimpelekea cheti na kofia ya dereva mwenza salama wa robo mwaka, na washirika wa Buffalo wakaiwekea mikono ile kofia, wakaiombea.

Sasa kibanda kilikuwa chini, na madereva sita waliokuwa wakinywa kahawa walikuwa wametoa simu zao.

Tuseme ukweli wa pale uwanjani. Azarias hakujua kurudi nyuma. Alisoma kwenye shule ya Cyubahiro, wiki mbili, wanafunzi kumi na wanne, lori moja, na uwanja wa lami wenye doa la oili. Kioo kikifika kwenye doa, unakata kushoto mizunguko miwili. Kioo kikifika kwenye pipa jekundu la taka, unanyosha. Mtihani ulifanyika uwanja ule ule, na wote walifaulu. Ila maghala mengine ya Amerika hayana doa lile. Kwa miaka mitatu Azarias alichagua milango iliyonyooka, na ilipobidi kupinda alijishika kiuno na kumwomba dereva mwingine amrudishie, akisema mgongo unamsumbua. Jumatano ile aliwatazama wale sita, akaona watamcheka, akaona bora ajaribu.

Mlinzi aliitwa Patricia, mama wa Kiamerika wa miaka kama sitini. Alikuwa ameenda kupasha supu yake ndani. Alitoka na bakuli mkononi, akatazama kibanda, kisha akamtazama Azarias. Hakumtukana. Alimwuliza kama ameumia. Nyuma yake, chini ya ukuta wa bati, kilionekana kiti chake kilichokunjika, na sweta yake ya bluu bado imetundikwa juu ya mgongo wa kiti. Azarias aliitazama tu sweta ile.

Jikoni kwa Ndahiro, jioni ile ile, chai ilipoa bila kunywewa. Ndahiro alikuwa hajavua tai.

"Donc ni mimi njo nimeangusha kibanda cha watu," alisema, kwa Kiswahili chao cha milimani kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mashine njo inasema vile, shemeji."

"Na mimi nilikuwa nahubiri."

"Najua. Nilikuwa nakusikiliza mu kamio," Azarias alisema, na kamio kwao ni lori.

Ndahiro aliinua macho. Kwa muda mfupi uhubiri uliushinda uoga. "Ulinisikiliza? Nilikuwa nimefika wapi?"

"Ku mtumishi mwenye talanta mbili. Njo nikasikia bati."

Simu iliyokuwa mezani ililia. Alikuwa Cyubahiro, kutoka Louisville, na sauti yake ilijaa jiko. Cyubahiro hasemi na mtu, anahutubia, hata mkiwa wawili.

"Bon. Mungu asifiwe. Musikilize vizuri, na musianze kulia kama watoto. Leseni ya Azarias inalisha nyumba. Leseni ya Ndahiro iko mu droo, haijalisha hata panya. Mashine imesema ni Ndahiro. Wale walioona pale, kwao sura zetu zote ni moja. Sasa sisi ni nani tupinge mashine? Siku zote tunaipinga, tunasema inatuonea. Leo imetusaidia, tuiheshimu. Watu wa bima watawauliza siku ya Jumanne. Ndahiro anakubali, bananyanganya ile leseni hatumii, mambo inaisha."

"Mzee," Ndahiro alisema, "na ile video?"

"Unaifuta."

"Watu mia mbili na kumi na wane waliniona."

"Wote ni batu betu," Cyubahiro alisema, na kwake, wakiwa watu wao, shauri lilikuwa limekwisha.

Ndahiro alifuta mahubiri yake juu ya uaminifu saa tatu na dakika tano. Alibonyeza mara mbili kabla hayajafutika. Kisha alimwuliza Azarias, kwa sauti ya chini, kile kibanda kilikuwa upande gani, ili ajue cha kusema. Azarias alimwambia kilikuwa kulia, nyuma. Ndahiro aliandika kwenye pembe ya Biblia kwa penseli, akakaa akiyatazama maneno yale.

Nyirangabo, mke wa Azarias, hufanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Amezoea kuwageuza watu wazito, kuwafuta, na kuongopewa. Wazee huficha vidonge chini ya ulimi na kusema wamemeza. Kwa hiyo Ijumaa mumewe aliporudi Reynoldsburg kwa basi, bila lori, na kumsimulia mambo yote kwa mpangilio mzuri alioufanyia mazoezi safari nzima, Nyirangabo alimwacha amalize. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa kisu, na hakuacha.

"Mwenye kiti alikuwa wapi?" aliuliza.

"Kiti gani?"

"Umesema kibanda kilikuwa na kiti. Mwenye kiti alikuwa wapi?"

"Alienda kupasha supu."

"Na kama supu ingekuwa ya moto tayari?"

 Azarias alikuwa amejiuliza swali hilo kutoka Buffalo hadi Cleveland, na kutoka Cleveland hadi nyumbani.

"Papa Gisubizo," mkewe aliendelea, akimwita kwa jina la binti yao, "Ndahiro ni mdogo wangu. Kutoka milimani kule nilimbeba mgongoni tukikimbia, ana miaka mine, analia juu ya kiatu kilichopotea. Leo unataka kumvalisha kosa yako kama koti. Bon. Tuache hiyo kwanza. Niambie kitu kimoja. Unajua kurudisha kamio nyuma, ao hujui?"

"Mgongo..."

"Usiniambie mgongo. Miaka tatu unaniambia mgongo. Miaka tatu natoka ku kazi, nimegeuza wazee kumi na moja, nafika hapa nakusugua na mafuta ya kitunguu saumu, shuka zangu zote zinanuka. Ule mgongo iko na nini?"

Aibu ina namna nyingi, lakini ile ya kukamatwa na mkeo na mgongo mzima ni ya peke yake. Azarias alitazama sakafu.

"Mgongo iko sawa," alisema.

Nyirangabo aliweka kisu chini. Hakupiga kelele. Alienda kabatini, akachukua chupa ya mafuta, akaimwaga kwenye sinki mpaka tone la mwisho, akarudi kwenye sombe yake. Binti yao Gisubizo, mwanafunzi wa unesi, alitokea mlangoni akauliza kwa Kiingereza nani amekufa. Mama yake alimjibu hakuna aliyekufa, na kama hakuna, si kwa bidii ya baba yake.

Baadaye, wakila, alizungumza tena, na safari hii kwa upole uliomtisha Azarias zaidi. "Wakikunyanganya leseni tutabanana. Nitaongeza zamu, Gisubizo atapunguza masomo, tutakula. Lakini nisikusikie siku moja umelala gerezani juu ya mama wa supu."

"Cyubahiro anasema..."

"Cyubahiro hakuoi."

Jumapili Cyubahiro aliitisha mkutano wa madereva kwenye chumba cha chini cha kanisa, Louisville, baada ya ibada. Azarias alisafiri kwa gari la rafiki kwa muda wa saa tatu na ushee kutoka Columbus, akakuta viti vimepangwa, chai ya maziwa na mandazi, na madereva kumi na saba. Hawa ndio wenye kundi la simu linaloitwa Mashofere wa Agano, ambalo tangu alfajiri hadi usiku halina kazi nyingine isipokuwa kuilaani mashine. Mmoja anasema ni chapa ya mnyama. Mmoja anasema serikali inasikiliza mambo ya chumbani kwa njia yake. Wa tatu amethibitisha, hatujui kwa kipimo gani, kwamba inaleta kisukari.

Cyubahiro alisimama, akafungua kwa sala, akaeleza mpango. Wote waliitikia kwa kichwa. Ndugu lazima alinde ndugu. Mtu mmoja aliongeza kwamba Ndahiro akiulizwa amechoka, aseme ndiyo, amechoka na mashine, ili habari ifike Washington.

Ndipo Muhoza aliomba neno. Muhoza ni kijana wa miaka ishirini na minane, alisoma wiki sita kwenye shule ya watu wengine, akalipa kwa jasho lake, na kwa kosa hilo wanamwita Profesa.

"Mimi sina shida na mashine," alisema. "Zamani bosi alikuwa ananiambia endesha tu, utalala mbinguni. Leo namwonyesha mashine, ananyamaza. Shida ni yale maghala. Yanakula saa zetu saa sita na hayalipi hata moja. Tungeandika barua juu ya ile, mimi ningesaini wa kwanza."

Watu walinung'unika. Kwenye kundi hakuna aliyewahi kusema hivyo, na lilikuwa na ladha ya ukweli, kwa hiyo halikupendeza.

"Na iko ingine," Muhoza aliendelea. "Mashine inajua umeendesha saa ngapi. Haijui kama unajua kuendesha. Mimi nauliza wazee wangu kwa heshima. Hapa ndani, nani anaweza kurudisha trela mahali hajawahi kuona?"

 Madereva kumi na saba walikuta jambo la kutazama ndani ya vikombe vyao. Mmoja alikohoa. Mmoja alinyoosha mkono akachukua andazi, na wengine waliudhika kidogo kwa kuwa mkono ulipoinuka walidhani anajibu.

"Hapa tunaongea mambo ya mashine," Cyubahiro alisema. "Mambo ya masomo ina siku yake. Tusimame tuombe."

Wakati wa kuagana alimshika Azarias bega, akamvuta kando. Alimwambia yeye ni mtoto wake, ni nguzo. Alimwambia mambo yakiharibika, akibanwa sana, aseme alikuwa amechoka. Uchovu unasameheka, uchovu una wenzake kila mahali. "Lakini usitaje shule," alisema. "Ukitaja shule, wote kumi na saba watapelekwa kujaribiwa upya. Watoto wao wataomba chakula ku mlango wako. Unanisikia?" Azarias alisikia. Njiani kurudi Columbus hakusema neno, na rafiki yake alidhani anaomba.

Jumanne saa nne asubuhi Gisubizo alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, akamwambia baba yake akae wima na asiongee kwa kupiga kelele kwa sababu mashine inasikia. Kioo cha kompyuta kiligawanyika vipande vinne. Kimoja kilikuwa cha bwana wa bima, mwenye ndevu fupi na subira ndefu. Kimoja cha Ndahiro, Buffalo, na tai. Kimoja cha Azarias, na nyuma yake Nyirangabo anakunja nguo zisizohitaji kukunjwa. Cha nne kilikuwa cha mkalimani, mama mmoja wa Louisville aitwaye Florida.

Florida alikula kiapo kwamba atatafsiri kila kitu, hataongeza wala kupunguza. Alipomaliza kiapo aliwatambua. Yeye huwa hakosi mahubiri ya Jumatano ya Ndahiro, na Jumatano ile aliandika "Amina mtumishi" mara tatu, ya mwisho saa mbili kasorobo. Uso wake ulibaki mtulivu, lakini mkono wake uliokuwa kwenye kioo ulianza kukunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

Bwana wa bima alianza na Ndahiro. Aliuliza kama ni yeye aliyekuwa anaendesha. Florida alitafsiri.

"Ndiyo," Ndahiro alisema. Lilitoka dogo sana, Florida akalazimika kumwomba alirudie.

Kibanda kilikuwa upande gani?

Ndahiro alitazama chini, kwenye pembe ya Biblia. "Kulia," alisema. "Nyuma."

Uliona nini kwenye kioo cha kulia kabla ya kugonga?

Hilo halikuandikwa kwenye Biblia. Ndahiro alifungua mdomo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Azarias aliliona hata kwenye kipande kile kidogo cha kioo. Mtu huyu hajawahi kumdanganya mtu mchana kweupe. Anaogopa barabara kuu, anaogopa mbwa, anaogopa hata daktari wa meno, na sasa alikuwa anatafuta kwa bidii, mbele ya mtu wa serikali kama alivyomdhania, jambo la kuona kwenye kioo ambacho hakuwahi kukitazama. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuendesha Louisville hadi Buffalo, lakini hawakukosea sana.

"Niliona..." Ndahiro alisema. "Niliona mwanamke."

 Azarias alijua Ndahiro amebuni tu, amesikia habari ya Patricia akaiweka mahali pa jibu. Lakini bwana wa bima aliacha kuandika. Aliuliza polepole: uliona mwanamke, na ukaendelea kurudi nyuma?

Florida alitafsiri. Katikati ya sentensi aliomba msamaha, akaanza tena.

Nguo nyuma ya Azarias ziliacha kukunjwa.

"Simamisha," Azarias alisema. "Mama Florida, mwambie asimamishe. Hakuwa kwenye kamio. Hajawahi kuwa kwenye ile kamio. Ni mimi. Mwaka mzima ni mimi. Yeye alikuwa ku nyumba yake anahubiri, na wewe mama unajua, ulikuwa unamsikiliza."

Florida alitafsiri yote, pamoja na kipande kinachomhusu yeye, kwa kuwa kiapo ni kiapo. Ndahiro aliweka uso mikononi, na kile walichosikia kutoka Buffalo kilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Bwana wa bima hakukasirika. Alionekana kama mtu ambaye ameona madereva wengi wakilala nyuma ya madereva wengine. Alimwuliza Azarias kama basi alikuwa amechoka. Hapo ndipo mlango wa Cyubahiro ulipokuwa, wazi kabisa, na taa imewashwa. Saa kumi na tano na dakika arobaini na tano tangu aanze kazi. Angesema ndiyo, angenyamaza. Wangemsimamisha miezi miwili, lawama ingeenda kwa ghala la Louisville, shule isingeguswa, na mwezi wa tisa angerudi barabarani na mgongo wake.

"Nilichoka, ndiyo," Azarias alisema. "Lakini hata ningelala siku tatu ningekiangusha. Mimi sijui kurudi nyuma."

Bwana wa bima aliuliza mbona ana leseni. Alifundishwa nini hasa?

Azarias alifikiri. Alitaka kujibu kwa haki. Kisha, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine, aliimba. Shule ya Cyubahiro ilikuwa imetia ukaguzi wote wa lori kwenye wimbo, kwa sauti ya kwaya, kwa kuwa wengi hawakuwa na Kiingereza, na mtu wa milimani hasahau wimbo. Azarias alikuwa sauti ya tatu. Aliimba taa, aliimba mikanda, aliimba mirija ya breki, kila kimoja hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, Kiingereza kitupu, beti tisa, macho yamefumbwa, na alipofika kwenye kiitikio Ndahiro, kule Buffalo, aliyepita shule ile ile, aliingia na sauti ya pili bila kukusudia. Nyirangabo alisimama nyuma na shuka mkononi. Yeye pia anaujua. Mwaka aliopata leseni mumewe aliuimba bafuni kila asubuhi, naye alidhani ni wimbo wa Bwana.

Walipomaliza, bwana wa bima alimgeukia mkalimani, akangoja.

"Hii," Florida alisema kwa sauti ndogo, "ilikuwa tayari Kiingereza."

Akaulizwa Azarias, kwa upole, hicho kitu cha ubeti wa sita kiko wapi kwenye lori. Alisema hajui. Na kile cha ubeti wa saba? Hajui.

Wiki ile ile Azarias aliondolewa kwenye kundi la Mashofere wa Agano, na aliyemwondoa aliweka mstari wa Yuda. Cyubahiro alimpokonya lori. Leseni ilisimamishwa, na bima ikasema haitambeba tena mpaka amalize wiki sita za mafunzo kwenye shule inayotambulika. Ada ilitoka kwenye zamu za usiku za Nyirangabo. Ndahiro alirudisha kofia kwa posta, na Jumatano iliyofuata alihubiri tena juu ya uaminifu, watazamaji mia nne.

Kanisani Louisville na Columbus watu waliacha kumsalimu Azarias kwa mikono miwili. Wake wa madereva walimpita Nyirangabo kwenye duka la sombe na samaki wakiwa na mambo mengi ya kutazama kwenye rafu. Lilimwuma. Hakusema halikumwuma. Alikuwa amezeeka na watu hawa tangu kambi ya wakimbizi, waliwazika watoto pamoja. Mara mbili alimwambia mumewe angalau angesema alichoka. Mara ya tatu alianza kusema, akaacha, akamwekea chakula.

Azarias alianza shule siku ya Jumatatu, kwenye uwanja mkubwa nje kidogo ya Columbus, pamoja na vijana wanane wanaomwita Pops, yaani mzee. Mwalimu alikuwa binti wa umri wa Gisubizo, mwenye nywele fupi na sauti ya kuamuru. Siku ya kwanza hakuiwasha injini.

Jumanne saa kumi na moja jioni simu yake ilipigwa. Alikuwa dereva mmoja wa wale kumi na saba, yuleyule wa chapa ya mnyama. Alisalimu sana, akauliza habari za mgongo, akazunguka, akauliza tena habari za nyumbani. Mwishowe alisema ana binamu, si yeye, ni binamu, anataka kujua ile shule iko barabara gani. Jumatano walipiga wawili. Mmoja alikuwa na mkwe, mmoja alikuwa na jirani. Kila mmoja alisema asimtaje. Kufikia Ijumaa Azarias alikuwa amewaelekeza kumi na mmoja, na Nyirangabo, akiwa anajiandaa kwa zamu, alianza kuwatambua kwa sauti zao na kutaja majina yao kimyakimya kabla hawajamaliza kusalimu.

Jumamosi alipiga Cyubahiro.

Hakuhutubia. Aliuliza habari za Mama Gisubizo, akauliza mvua. Azarias alimngoja. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anamsikia mzee yule akipumua, na nyuma yake televisheni imefunguliwa kwa sauti kubwa ili watu wa nyumbani wasisikie.

"Kule," Cyubahiro alisema, "wanaanzaga na nini?"

"Kushuka chini."

"Kushuka?"

"Kabla ya kurudi nyuma unazima, unashuka, unazunguka kamio yote na miguu, unaangalia. Unapanda. Unarudi kidogo. Ukiona mashaka unashuka tena. Mwalimu anasema hata mara kumi."

Cyubahiro alinyamaza. Alikuwa na malori matatu, shule moja, na miaka kumi na mbili ya leseni, na Azarias alikuja kugundua wakati ule, kwa kimya kile tu, kwamba hajawahi kumwona mzee huyu akirudisha trela mahali popote.

"Na watu wanakuona ukishuka?" Cyubahiro aliuliza.

"Wanakuona."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Cyubahiro aliongeza kwanza sauti ya televisheni. Kisha aliuliza darasa linaanza saa ngapi.